Kuchagua sailensa ya pikapu ya dizeli hapa Dar, usianze na sauti

Mwaka juzi nilitoka Gerezani najiona mjanja kweli. Nimetoka kukata sailensa ya zamani ya Hilux yangu nikaweka ya inchi 3 ile ya kunyooka, sauti nzito tamu, madogo wa bodaboda pale Kamata wanageuka kuangalia nini kinakuja. Kesho yake nikapata mzigo wa Chalinze. Kufika Mlandizi kichwa kinagonga, utingo kajifunika kofia masikioni, maana gari ikikaa tu kwenye 80 gia ya 5 kabini inavuma kama umefungiwa kwenye pipa na mtu anapiga kwa nje. Nikakaa nayo miezi 4 kwa ubishi tu wa kutotaka kukubali nimepigwa, afu nikaenda kuitoa. Kwaiyo haya ninayoandika nimeyalipia.

Gari yenyewe ni Hilux toleo la Vigo, D4D yaani dizeli yenye tabo, lita 3, injini ya 1KD. Inabeba tofali, saruji, nondo, siku nyingine simtank, mizunguko yake Mbagala, Chamazi, Kongowe, na mara moja moja inavuka kwenda Kigamboni. Nasema ivyo mapema kwa sababu kama yako ni pikapu ya kwendea ofisini Masaki na kurudi, kuna mambo humu yatakuwa hayakuhusu sana.

Kabla hujatoa hela hakikisha kwanza mbovu ni sailensa. Watu wengi wanabadilisha sailensa na ugonjwa upo mbele huko. Washa gari asubuhi ikiwa ya baridi, sikiliza. Kama kuna mlio wa tiki tiki tiki karibu na injini unaopungua gari ikipata moto, hiyo ni gasketi ya manifodi au ufa, chuma kikipata joto kinatanuka kinaziba chenyewe, na hapo sailensa hata uweke ya dhahabu mlio utabaki. Ingia chini uangalie sehemu zenye masizi meusi kwenye maungio, ndo panapovuja. Gonga sailensa na kiganja au nyundo ya raba ikiwa imepoa, ikilia kama kopo lenye mawe ndani basi kuta za ndani zimeachia, au masega ya mbele, yale ya kusafishia moshi (kataliti), yamevunjika na vipande vimekuja kukaa humo. Na moshi mweusi jamani sio sailensa! Moshi mweusi ni mafuta mengi hewa kidogo, angalia kichujio cha hewa, nozeli, au kama bomba la tabo (ile feni inayosukuma hewa kwenye injini) limepasuka. Moshi wa bluu ni oili inaungua. Kuna jamaa yangu alibadilisha sailensa mbili kwa ajili ya moshi, mwisho wa siku ilikuwa ni hose ya intakula, kile kipoza hewa ya tabo, imechanika, kitu cha kufunga klampu.

Haya sasa tuseme kweli imeoza. Kitu cha kwanza kujua ni injini yako ina tabo au haina, kwa sababu hapa ndo njia zinaachana.

Injini isiyo na tabo, kama zile Hilux za zamani za 3L na 5L, au Land Cruiser ya 1HZ lita 4.2, moshi unatoka kwenye silinda kwa mapigo makali moja kwa moja mpaka nyuma, hakuna kitu cha kuyavunja katikati, kwaiyo kazi yote ya kunyamazisha ni ya sailensa. Ukiiwekea bomba tupu la kunyooka utachukiwa na mtaa mzima, na nguvu utakayopata ni ya kujifariji tu. Hizi ziwekee sailensa ya vyumba (aina nazieleza mbele kidogo), ya kiwandani au inayofanana nayo, saizi ileile ya bomba iliyotoka nayo, umemaliza.

Injini yenye tabo ni nyingine. Moshi unapita kwanza kwenye feni ya tabo, ile feni inazungushwa na moshi huohuo na inakata mapigo, ndo maana D4D au Isuzu D-Max ya 4JJ1 ukitoa sailensa kabisa haipigi kelele kama 5L ukiitoa. Tabo inapenda njia ya nyuma iwe nyepesi, na yale maneno ya mafundi kwamba injini lazima ipate mgandamizo kidogo nyuma ndo ivute, kwenye dizeli ya tabo achana nayo. Mgandamizo nyuma ya tabo unaongeza joto la moshi na kuichelewesha tabo kupata spidi. Kwaiyo hapa kuongeza bomba kidogo kuna maana. Kidogo.

Nasema kidogo kwa sababu tatizo letu ni video. Unaangalia Ram ya Marekani imewekewa bomba la inchi 5 inatoa moto, na we unataka. Ile Ram ina Cummins ya lita 6.7, silinda 6. Vigo yako ya lita 2.5 hewa inayotema haifiki hata nusu ya pale. Kwa pikapu zetu za lita 2.4 mpaka 3 zenye tabo, inchi 2.5 inatosha kabisa kwa gari ya kazi, inchi 3 ni kama umeshagusa na vitu vingine kwenye injini. Na ukibadilisha sailensa peke yake huku bomba la mbele linalotoka kwenye tabo ni lilelile jembamba, hakuna nguvu mpya utakayoisikia, penye msongamano hujapagusa. Mimi ile ya inchi 3 niliambiwa gari itaruka. Haikuruka, ilipiga kelele.

Tuje kwenye aina, maana dukani zote zinaning'inia zinafanana.

Kuna ya vyumba. Ndani ina kuta na vibomba, moshi unaingia chumba hiki unageuka unaenda kile, mawimbi ya sauti yanagongana yanauana. Inanyamazisha vizuri hasa ile sauti ya chini inayovuma, haina kitu cha kuoza haraka ndani zaidi ya bati lenyewe, ubaya wake inabana zaidi na ni nzito. Sailensa nyingi za kiwandani ni za hivi.

Kuna ya kunyooka. Ukiichungulia upande mmoja unaona mwanga upande wa pili, bomba lina tundutundu na kuzunguka bomba wamejaza pamba ya glasi au nyuzi za chuma. Inapitisha vizuri sana, inakula sauti za juu juu zile kali, ila mvumo wa chini inauacha. Na kwa dizeli ya Dar ina ugonjwa wake ambao muuzaji hakuambii, masizi ya dizeli yana mafuta mafuta, yanaingia kwenye tundu taratibu yanaigandisha ile pamba, mwaka wa kwanza gari ina sauti nzuri mwaka wa pili inapiga kama bomba tupu. Afu pamba inashika maji. Gari ikishapita kwenye dimbwi la maana au ikashinda wiki kwenye mvua za Aprili, unyevu unabaki mule ndani, kutu inaanzia ndani huioni mpaka siku inatoboka. Ukiitaka ya kunyooka kwa lazima chukua yenye nyuzi za chuma ndani, achana na ya pamba.

Halafu kuna ya katikati, bomba la ndani limepinda kama herufi S, tundutundu kiasi, na mwili wake bapa wa yai. Hii ndo niliyoishia nayo na ndo namshauri mtu mwenye tabo anayebeba mzigo. Haibani kama ya vyumba, haivumi kama ya kunyooka.

Kuhusu mvumo nieleze kidogo, maana wengi wanadhani ni bahati mbaya kumbe ni hesabu. Injini ya silinda 4 kila mzunguko mmoja silinda 2 zinawaka. Mshale wa mizunguko ya injini ukiwa kwenye 2000 hayo ni mapigo 4000 kwa dakika, karibu 67 kwa sekunde, na hiyo ni sauti ya chini sana ambayo kabini ya bati inaipokea na kutetemeka nayo. Bahati mbaya 2000 hapo hapo ndo gari inapokaa muda mrefu barabara ya Morogoro. Mjini hutaisikia, mjini kutwa upo kwenye foleni ya Buguruni gia ya 1 na ya 2. Kwaiyo kusikiliza sailensa ikiwa gari imesimama, fundi anapiga resi, vuuu vuuu, hujasikiliza kitu. Kama una rafiki mwenye gari kama yako na sailensa unayoitaka, mwombe mwende mpaka Kibaha na kurudi, mafuta juu yako. Na kama tayari umeshanasa na mvumo, kabla ya kuitupa sailensa jaribu kuongeza kisailensa kidogo cha pili kwenye bomba, mafundi wengi wanaita rizoneta, wakati mwingine kinatosha.

Sasa bati, na hapa ndo ningependa mtu akae muda mrefu kuliko kwenye sauti, maana sisi tunaishi kando ya bahari. Lita 1 ya dizeli ikiungua inazaa maji karibu lita 1, yanatoka kama mvuke. Ukienda safari ndefu ekzosi yote inapata moto na mvuke unatoka wote nje. Ukifanya vitrip vya dakika 5 Mbagala Rangi Tatu na kurudi, mvuke unapoa ndani ya sailensa unakuwa maji, yanachanganyika na salfa ya mafuta yanakuwa tindikali. Salfa imepungua sana kuliko zamani, kuanzia 2015 dizeli ya Afrika Mashariki kiwango kilishushwa mpaka sehemu 50 kwa milioni, ila haijaisha. Hiyo ni kutoka ndani. Kutoka nje kuna chumvi ya hewa, na wa Kigamboni na Msasani wanajua bati la mtu wa Kimara na la kwao hayazeeki sawa. Afu kuna wale wanaobeba samaki kutoka Feri, maji ya barafu yenye chumvi yanachuruzika kutwa juu ya ekzosi. Wao hata nisiwaambie.

Bati la kawaida lililopigwa rangi nyeusi ndo rahisi kuliko yote na ndo litakalooza kwanza. Juu yake kuna chuma kilichopakwa aluminiamu, kinakuwa cha kijivu kilichopauka, hiki kwa bei yake ni kizuri sana ila fundi akichomelea ile pakaa inaungua pale kwenye mshono, kwaiyo baada ya kuchomelea safisha na brashi ya waya upake rangi ya kuvumilia joto, ukiacha hivi hivi kutu itaanzia hapo hapo. Halafu stenlesi, na stenlesi zipo nyingi. Zinazotumika sana kwenye ekzosi ni 409 na 304. Ya 409 ina kromiamu kama asilimia 11, inapata kutu ya juu juu ya kahawia lakini haitoboki upesi. Ya 304 ina kromiamu kama 18 na nikeli kama 8, hiyo ndo ya mtu wa baharini.

Nenda dukani na sumaku. Nilienda duka moja kutafuta ya pili, muuzaji ananiambia boss hii stenlesi 304 orijino kabisa, nikatoa sumaku mfukoni ikadaka paa! Akaniangalia, nikamwangalia. Akasema ah boss hiyo sumaku yako ina nguvu sana. Nielewane na nyie hapa, sumaku ikidaka haimaanishi sio stenlesi, 409 inadaka na ni stenlesi halali, ila ukiambiwa 304 na sumaku imeganda kama imegundishwa basi unauziwa 409 au bati kwa bei ya 304. 304 sumaku haishiki, au inashika kinyonge kwenye mikunjo tu.

Ukishamaliza sumaku inyanyue. Mbili za saizi moja, nyepesi ndo ya bati jembamba. Itikise, kisilie kitu. Angalia mshono wa kichwa na mwili kama umezunguka wote au umerukwa rukwa. Tafuta kitundu kidogo upande wa chini karibu na mwisho, hicho ni cha kutolea maji na kinatakiwa kiwepo, wengine wakikiona wanadhani ni kasoro wanaenda kukiziba, wanaziba dawa. Na siku ya kufunga hakikisha kitundu kinaangalia chini, nimeona gari kitundu kinaangalia chesisi.

Kuhusu used. Hapa mjini ukiambiwa used ya Japani unatulia, na mara nyingi kweli sailensa ya kiwandani iliyotumika Japani ni bora kuliko mpya ya ajabu ajabu. Ila mtu akikwambia hii ya Vigo imetoka Japani, muulize vizuri, kwa sababu Toyota haikuuza Hilux Japani kuanzia 2004 mpaka 2017. Inaweza kuwa ya Hiace, au imetoka nchi nyingine, sio lazima iwe mbaya lakini ujue unanunua nini. Used ichungulie ndani na tochi, ipige na bisibisi upande wa chini wote, penye bati laini bisibisi itaingia.

Vipimo upime kabla hujaenda, usipime kwa macho. Chukua kalipa, au kama huna zungushia uzi kwenye bomba, pima uzi, gawa kwa 3.14. Inchi 2.5 ni milimita 63.5, inchi 3 ni 76. Sailensa nyingi mdomo wake unapimwa kwa ndani kwa sababu bomba linaingia humo, kwaiyo unachohitaji ni kipimo cha nje cha bomba lako. Pima urefu ulionao kati ya mkunjo na mkunjo, na uangalie mdomo wa kuingia na wa kutoka upo katikati au pembeni, maana ukikosea hapo fundi atakata na kuunga mikunjo 3 ya ziada na kila mkunjo ni kubana na ni mshono mwingine wa kuja kuvuja. Angalia na majirani zake pia, propela, paipu za breki, tanki la mafuta, na tairi ya spea inayokaa chini ya bodi nyuma. Kuna mtu alifunga bonge la sailensa limegusana na spea, siku anapata pancha Mkuranga anashusha spea ina shimo la kuungua. Kama wamekutolea bati la kuzuia joto lirudishwe, sio la urembo.

Kwa wenye pikapu mpya mpya zenye kichujio cha masizi, ile DPF, hiyo sio sailensa na usikubali ikatwe kwenye zoezi hili. Sailensa ipo baada yake. Ina sensa zake, ukiikata kompyuta inaanza kulalamika na unatafuta mtu wa kuidanganya, hiyo ni safari nyingine. Na trafiki wana Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973, watu wa mazingira wana kanuni za kelele za 2015, hutaki siku yako iishie kwenye kujieleza.

Kufunga sasa. Fundi niliyemwendea mara ya pili ni mzee mmoja Ilala, nimemwamkia shikamoo, akaitikia akainama chini ya gari akakaa kimya muda, akaniuliza, "Kijana, hii gari unabebea saruji au unabebea muziki?" Sikuwa na jibu. Mambo aliyofanya yule mzee ndo napenda mtu ayadai kwa fundi yeyote.

Alitoa terminali za betri kabla ya kuchomelea, ili umeme wa mashine usiende kuua kontroli boksi na daiodi za alteneta. Gari aliishusha ikae kwenye matairi yake, hakufunga ikiwa kwenye jeki na ekseli inaning'inia, kwa sababu gari ikining'inia ekseli inashuka na nafasi unayoiona juu yake ni ya uongo. Akaita vijana wanne wakae nyuma kwenye bodi afu akaangalia bomba linapopita juu ya ekseli limebaki na nafasi gani, maana gari yenye mifuko 20 ya saruji ni tani moja, springi zinalala na ekseli inapanda kulifuata bomba. Ile ya kwanza ilikuwa inagonga kila tuta na sikuwahi kujua kwa nini. Akachomelea vidoti vidogo tu kwanza vya kushikilia, akarudisha terminali, akawasha, akatikisa bomba kwa mkono huku injini inatetemeka, akaridhika ndo akatoa tena terminali akachomelea mzima. Raba za kuning'inizia zote mpya, alizikagua kwa kuzivuta. Mwisho wa bomba akautokeza nje ya bodi upande wa kulia, usiishie chini ya bodi, maana moshi ukiishia chini unazunguka unaingia kabini kwenye foleni na unalala huku unaendesha.

Kama una uwezo chagua kufunga kwa flanji na bolti au klampu angalau upande mmoja badala ya kuchomelea pande zote. Siku ukitaka kutoa giaboksi au kubadilisha sailensa tena utaifungua na spana, sio grenda.

Siku mbili tatu za mwanzo itatoa harufu ya rangi na mafuta ya kiwandani, kawaida hiyo, fungua vioo. Baada ya wiki mbili ingia chini gari ikiwa imepoa, kaza bolti na klampu zote upya, pitisha kidole kwenye kila mshono. Kidole kikitoka cheusi rudi kwa fundi siku hiyohiyo kabla hajakusahau.